Wavu Uliopungua Vidole Vitano

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa kabati la timu yetu ya wanawake ya mpira wa wavu pamoja na daftari hili la kuandikia vifaa. Kocha wetu ni dereva wa gari la wagonjwa, na nadhani ndiyo maana hata akikusalimia anapiga kelele kama king'ora. "Mama, kule chumba cha kufulia hujawahi kupoteza shuka hata moja," akaniambia. "Mipira miwili ndiyo itakushinda?" Basi tangu saa nne asubuhi hospitali nzima inaniita Mama Funguo.

Vifaa nilivyovikuta: mipira miwili, mmoja una kiraka. Pampu, sindano yake imepinda. Wavu mmoja, umetoboka pembeni. Nguzo mbili za chuma, ziko uwanjani nyuma ya jengo la dawa. Kamba. Chokaa ya mistari, nusu gunia. Kipenga. Vikinga magoti jozi nne kwa watu sita, kwa hiyo wawili huwa wanapiga magoti kwa imani tu. Na fimbo ya kupimia, ambayo zamani ilikuwa ya pazia la wodi. Imezungushiwa plasta nyekundu kwenye mita mbili na sentimita ishirini na nne, kimo cha wavu wa wanawake. Unaisimamisha chini, unavuta wavu mpaka ukingo wa juu ulingane na plasta, unafunga. Katika ligi yetu ya wafanyakazi mwenyeji ndiye anayeleta kila kitu, na refa anapima kwa fimbo ya mwenyeji. Hakuna anayetembea na yake.

Vifaa vimekwisha, daftari lina kurasa mia. Nitaandika na mengine.

Kwa mfano, leo nimemwandikisha mdogo wangu kwenye timu kwa nguvu. Ndoa yake ilivunjika mwaka jana, akarudi kukaa na mimi, na tangu hapo anapiga pasi mashuka ya wodi sita kwa siku bila kufungua mdomo. Anakula akiangalia sahani. Nimechoka kuishi na mtu anayeomba radhi hata akipita mlangoni kwake mwenyewe.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 7 Machi

Mazoezi. Mdogo wangu anaruka vizuri, mkono wake una nguvu ya pasi, lakini ni mfupi. Mpishi wa jiko la hospitali, ambaye ndiye nahodha na ndiye anayewainulia wapigaji mipira, alimwinulia kumi. Minane iligonga wavu. Kocha akapiga king'ora chake: "Huyu akae nyuma, apokee tu!" Kiwanja kizima kimesikia, na nadhani hata wagonjwa wa ghorofa ya pili.

Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Nilimwita mara mbili, akajifanya hasikii. Alipofika aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilijuta kumpeleka.

Jumanne, 10 Machi

Nyuma ya kabati kumeingia maji ya mvua. Fimbo ya kupimia imeoza mguuni, ukiibonyeza inatoa ukungu. Nimeazima msumeno kwa fundi wa majengo, nimekata pale palipooza, nimepiga msasa. Sasa inasimama wima kabisa. Nikajipongeza kwa soda.

Jumatano, 11 Machi

Ajabu! Nimefunga wavu mwenyewe, nikapima kwa fimbo yangu iliyonyolewa, na mdogo wangu amepiga kumi akapitisha saba. Saba! Kocha alinyamaza, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Mpishi akacheka mpaka akakaa chini: "Jamani, jana usiku mmempa nini huyu?" Na mdogo wangu akacheka naye. Nilikuwa nimeusahau mlio wa kicheko chake.

Jumamosi, 14 Machi

Mechi ya kwanza, uwanja wetu, na wanawake wa Posta. Tumeshinda seti tatu kwa moja. Nahodha wa Posta alilalamika kuwa wavu umelegea kwa mvua. Refa akasema leteni fimbo, nikaipeleka kwa mwendo wa maringo, akaisimamisha: plasta na ukingo sawasawa. "Wavu uko sawa, mama. Cheza mpira." Nilipiga makofi kuliko wote.

Mdogo wangu wamempa jina. Wanamwita Nyundo. Njia nzima ya kurudi nyumbani ameongea yeye tu.

Jumanne, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mashuka hayakauki. Nyundo anapiga pasi huku anaimba, anaharibu wimbo, na hakuna anayemkataza.

Jumamosi, 21 Machi

Tumewafunga kiwanda cha mikate, hapahapa kwetu, tatu bila. Nyundo pointi kumi na sita. Nimevimba kichwa kama mimi ndiye niliyeruka.

Jumatano, 25 Machi

Mungu wangu.

Leo saa ya chakula nilikaa na wavu mapajani kushona lile tobo. Nilitaka kujua kiraka kiwe na upana gani, nikachukua futi ya kamba ya kushonea. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta mbele yangu. Kwa kukosa kazi tu, nikaipima. Futi yangu inaishia sentimita mia na hamsini, kwa hiyo nikaweka kidole hapo, nikaanza upya. Mpaka kwenye plasta: mia mbili na kumi na tano.

Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu nimepiga magoti. Mia mbili na kumi na tano.

Nilikata mguu wa fimbo, plasta nikaiacha palepale ilipokuwa. Nilifikiri nini mimi? Sikufikiri. Niliona mti uliooza, nikaukata, nikanywa soda. Upungufu wa sentimita tisa, upana wa vidole vyangu vitano vikiwa vimebanana. Nimeviweka ukutani nikaviangalia. Mdogo wangu anapitia hapo. Mechi mbili tulizoshinda zimepitia hapo.

Nilisimama kwenda kwa kocha, naapa. Nilifika kwenye maegesho, nikamwona anaosha gari. Wakati huohuo mdogo wangu akatoka chumba cha pasi na kapu kichwani, wauguzi wawili wakamwita "Nyundo, Jumamosi tena!" naye akawajibu, kwa sauti, mbele za watu, "Tena na tena!" Mwaka mzima huyu mtu alikuwa ananong'ona. Kocha akaniuliza, "Vipi, Mama Funguo?" Nikamwambia chokaa inakaribia kwisha.

Kwani timu zote mbili si zinacheza wavu uleule? Nani ameonewa? Jumatatu nitasema.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imezuia mechi. Nilifurahi, halafu nikaona haya kwa kufurahi.

Jumatatu, 30 Machi

Sikusema.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo tulikuwa wageni wa Walimu, na fimbo ilikuwa ya Walimu.

Nilikaa kwenye benchi na vikinga magoti mapajani, nikijua mwisho wa filamu. Mpira wa kwanza wa Nyundo: wavu. Wa pili: wavu. Kufika wa tano walimu walianza kuhesabu kwa pamoja kama darasani. Mpira wa kumi na moja ulimrudia usoni. Yeye aligeuka kumtazama Mpishi, akatupa mikono, maana yake: unaniinulia nini hii? Na kocha akadaka hapohapo. "Chini! Mpishi, unainua chini! Mbona nyumbani unainua vizuri?" Mpishi akasema, "Nainua palepale, Kocha." "Mpira unagonga wavu halafu unaniambia palepale?"

Tumefungwa tatu bila. Mpishi ametolewa kwenye seti ya tatu. Alikuja kukaa kando yangu, jasho linamtiririka, akaangalia vidole vyake. Nilimpa maji. Nilimpa na kitambaa. Nilimpa kila kitu isipokuwa ukweli.

Jumatatu, 6 Aprili

Haya niyaandike haraka kabla sijajionea huruma.

Mpishi alikuja chumba cha kufulia na aproni yake ya jikoni, akasimama kati ya mapipa. Tumefahamiana miaka kumi na mbili. Nilipolazwa mimi, yeye ndiye aliyenipandishia uji wodini kila asubuhi. "Mama Funguo," akasema, "wewe unakaa pembeni, unaona. Niambie bila kunificha. Mipira yangu ina kasoro gani?"

Mashine ilikuwa inazunguka. Ningeweza kusingizia kelele.

Nikamwambia, "Labda mikono imechoka. Masufuria yale ni mazito."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari. Akasema asante. Alinishukuru! Alipoondoka niliingiza mkono kwenye maji ya moto kutoa shuka, na sikusikia kitu.

Jumanne, 7 Aprili

Mazoezi nyumbani, mwinuaji mpya. Nyundo amepitisha tisa kwa kumi. "Mmeona?" akawaambia wenzake. "Si mimi. Ni yule bibi na mikono yake ya mwiko." Wakacheka. Kicheko kile nilichokuwa nakililia, leo kimenichoma. Nilitaka kumkemea, lakini kwa mdomo upi?

Jumamosi, 11 Aprili

Tumewafunga wanawake wa Mamlaka ya Maji, hapa kwetu. Tatu kwa moja. Nimejitia hamnazo mechi nzima. Jumatatu nitasema.

Alhamisi, 16 Aprili

Kocha amekuja mbio: kamati ya mkoa inatuma watu wawili kuchagua wachezaji wa timu ya mkoa. Watakuja kwetu tarehe ishirini na tano, mechi na Benki. "Wameuliza jina moja tu," akasema. "Nyundo."

Mdogo wangu alikaa juu ya kapu la mashuka akalia kwa furaha. Kisha akanikumbatia shingoni akasema, "Dada, usingenilazimisha ningekuwa bado nainamisha kichwa nahesabu vigae vya sakafu." Nilimkumbatia na mimi.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Nimefua hata visivyo vichafu.

Jumatano, 22 Aprili

Mpishi amerudisha vikinga magoti. Alikuwa amevifua kwa mkono, amevianika, amevikunja kimoja juu ya kingine. "Muwape vijana," akasema. "Kocha ana haki. Nimejiangalia, naona kweli nimeisha."

Alikuwa ameanza kuamini. Hilo sikulipigia hesabu. Nilidhani uongo wangu unamwondoa kiwanjani tu, kumbe umeingia mwilini mwake na kukaa humo.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimeamua. Baada ya kazi nimefunga mlango wa kabati kwa ndani, nimebandua plasta, nimepima kwa futi, nimebandika upya. Mita mbili na ishirini na nne. Kesho wavu utakuwa wa halali, kila kitu kitarudi mahali pake, na hakuna atakayelazimika kuaibika. Mdogo wangu sasa ana uzoefu. Ataruka zaidi kidogo, basi. Ni vidole vitano tu.

Nimeona raha kama mtu aliyetubu.

Jumamosi, 25 Aprili

Asubuhi tulikunywa chai pamoja. Alikula mkate vipande vitatu, akaniuliza kama nywele zimekaa vizuri. Nikamwambia zimekaa.

Saa tisa uwanja ulijaa. Wauguzi madirishani, wagonjwa na viti vyao vya magurudumu, hata Mpishi nilimwona mlangoni pa jiko amefunga mikono. Watu wawili wa kamati walikaa kwenye viti vya plastiki na mafaili. Refa akapima kwa fimbo yangu. Sawa.

Mpira wa kwanza ukagonga ukingo ukarudi kwake. Akatabasamu, akapangusa viganja. Wa pili, wavu. Wa tatu, wavu. Wanawake wa Benki hawakucheka, bora wangecheka. Wa sita, akaangalia viganja vyake kana kwamba vya mtu mwingine. Mmoja wa wale wa kamati akafunga faili. Wa tisa, mdogo wangu alitua vibaya, akainuka, na mgongo wake nikauona unakunjika. Ule mgongo wa mwaka jana. Nilimwona anarudi kuwa yule mtu, palepale, mbele yangu, mpira kwa mpira. Tena safari hii mkono ulikuwa wangu na nilikuwa najua ninachofanya.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nimeshika ngazi ya refa.

"Simamisha mchezo."

"Mama, toka uwanjani."

"Ni wavu."

"Wavu nimeupima mwenyewe, uko sawa."

"Leo uko sawa," nikasema. "Siku nyingine zote haukuwa sawa."

Akapuliza kipenga. Nikasema yote kwa sauti kubwa, kila dirisha likasikia: msumeno, plasta, sentimita tisa, mechi tatu. Nikasema Mpishi hakuwahi kuinua mpira chini hata siku moja. Nilimtafuta kwa macho kule mlangoni. Alikuwa ameshaingia ndani.

Mdogo wangu alipita chini ya wavu akaja mpaka mbele yangu.

"Tangu lini?"

"Niliikata tarehe kumi Machi, bila kujua, mdogo wangu, wallahi bila..."

"Sijauliza ulikata lini. Ulijua lini?"

"Ishirini na tano."

"Mwezi mzima." Hakupaza sauti. "Na leo? Umeupandisha leo, siku ya leo, na chai tumekunywa pamoja. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuona unacheka. Nilikuonea huruma."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi anipige.

"Ulijua siwezi," akasema. "Mimi nilikuwa sijui. Wewe ndiye uliyekuwa unajua siwezi, ukakaa unanitazama nakula mkate."

Akavua vikinga magoti na viatu, akaviweka chini taratibu, akaondoka na soksi zake nyeupe kwenye matope.

Jumapili, 26 Aprili

Hasemi na mimi. Chai amejipikia mwenyewe, yangu ameiacha kwenye birika. Hata katika hasira hakuniachia ya baridi.

Jumatano, 29 Aprili

Barua ya kamati ya ligi: pointi zote za nyumbani zimefutwa. Nimenyang'anywa ufunguo. Kocha aliupokea bila king'ora. Nilikuwa namdharau huyu mwanamume, namwona kelele tupu. Leo saa saba aliingia jikoni, mbele ya wapishi wote, akavua kofia, akamwambia Mpishi, "Nilikuonea. Rudi." Maneno mawili, akaondoka. Mimi miaka kumi na mbili ya urafiki sikuweza hata moja.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimekwenda jikoni na mimi. Mpishi alikuwa anasugua sufuria. Niliongea sana, nikalia, nikaeleza habari za mdogo wangu, ndoa, ukimya. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Siku ile nilikuja kukuuliza. Sikumuuliza kocha. Nilikuuliza wewe."

Akaendelea kusugua.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua.

Jumanne, 5 Mei

Chumba cha pasi kimya. Wauguzi bado wanamwita Nyundo, wengine kwa upendo, wengine kwa mzaha. Anawaitikia wote kwa jina hilo, kichwa hakukiinamisha. Sielewi nguvu hiyo kaitoa wapi. Si kwangu.

Jumapili, 10 Mei

Wiki mbili. Tunapishana mlangoni. Haombi radhi akipita.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua imekatika. Nilisikia kutoka kwa wauguzi kwamba kila jioni, timu ikishaondoka, Mpishi na mdogo wangu wanabaki uwanjani wawili tu. Mdogo wangu ndiye aliyemwomba msamaha kwanza, wanasema, kwa yale maneno ya mwiko. Leo nikaenda. Hawakuniita wala hawakunifukuza. Nikasimama kando ya nguzo, nikawa naokota mipira.

Mpishi anainua palepale anapoinua siku zote. Mdogo wangu anaruka, anagonga. Anaruka, anagonga. Nilihesabu ishirini na tisa, mitatu tu imepita. Alikuwa amelowa jasho, goti linavuja damu, na anahema kwa mdomo. Ulipofika wa thelathini nilishindwa. Nikafungua mdomo niseme inatosha, pumzika, hakuna anayekudai.

Sikusema. Lakini mwili una akili zake. Nilipojitazama, mkono wangu ulikuwa juu ya fundo la kamba, hapo nguzoni. Nilikuwa naikaza? Nilikuwa nailegeza? Nikiulizwa mbele ya hakimu nitasema sijui, na ndiyo kweli, na ndiyo aibu yangu yote.

Mdogo wangu aliuona. Alisimama na mpira kiunoni. Wiki tatu hajanisemesha.

"Dada," akasema. "Toa mkono kwenye kamba."

Nikautoa. Mpishi akainua mpira, mdogo wangu akaruka, ukagonga wavu ukaanguka upande wetu. Nikaenda kuuokota, nikamrudishia.